Mgeni Njoo, Mwenyeji Apite Wapi?

Hoteli za kitalii hupimwa kwa nyota. Tatu si haba, nne ni nzuri, na tano ndiyo kilele cha starehe: shuka nyeupe pe, bwawa la kuogelea lililojengwa kando ya bahari (kwa nini, sijui, maana bahari yenyewe i pale pale), na mhudumu anayekuletea kitambaa cha baridi cha kufutia uso hata kabla hujashusha mkoba. Msimu wa kaskazi uliopita nilizunguka pwani ya Unguja, toka Nungwi kaskazini hadi Kizimkazi kusini, nikaziingia hoteli hizi moja baada ya moja. Chache nililala usiku mmoja, na nyingi nilikunywa chai tu, kwani mfuko wa mwandishi una mipaka yake. Nimerudi Mombasa na kipimo changu mwenyewe, ambacho hakimo katika hesabu ya nyota. Nauliza hivi: mwanakijiji aishiye nyuma ya hoteli, hufikaje baharini?

Kwanza nitoe haki palipo na haki. Hoteli zile ni nzuri. Kule Nungwi na Kendwa, ambako maji hayapwi yakaenda mbali, mgeni huoga saa aitakayo, na jioni jua humzamia mbele ya macho. Mafundi wa makuti wameezeka mapaa marefu ambayo babu zao wasingethubutu kuyajaribu. Vijana wamepata mishahara. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni 736,755, na wenyeji wote wa visiwa, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, ni 1,889,773. Neema kama hiyo haidharauliwi, na asemaye hoteli zibomolewe hajui bei ya unga.

Lakini yapo mambo yaliyonikera. Katika hoteli moja ya upande wa mashariki, ambayo jina lake nalihifadhi, niliingia chooni nikakuta ukuta umejengwa zidaka, zile zidaka ambazo wazee wetu waliziweka ukumbini kwa misahafu na vyombo vya kauri. Mle chooni zimewekwa sabuni na mafuta ya nywele. Nilisema astaghfirullahi, nikatoka. Huko nje nako, viti vya kujinyoosha vilikuwa na mito iliyoshonwa kwa kanga. Kanga, kama ajuavyo kila mama wa pwani, ina jina lake, na jina hilo ndilo linunuliwalo. Fundi alikuwa ameikata katikati ya jina. Mto wangu uliandikwa MGENI NJOO. Niligeuza upande wa pili nikitafuta "mwenyeji apone", nikaona kitambaa kitupu. Nikakagua mito yote ya ukumbi ule, mhudumu akinitazama kwa mashaka, wala sikuiona ile nusu ya pili.

Ningeyasamehe hayo yote kama njia ingekuwa wazi. Katika kijiji kimoja cha huko huko mashariki, njia iliyotoka msikitini ikashuka moja kwa moja hadi pwani imekatwa na ukuta wa mawe. Ukuta umepakwa chokaa vizuri na mlangoni pana askari. Mgeni mwenye utepe mkononi hupita. Mwenye kapu kichwani huonyeshwa kwa kidole azunguke, na kuzunguka huko ni mwendo wa kutosha kumtoa mtu jasho.

Pengine msomaji wa bara atasema, basi azunguke, si pwani ni ile ile? Hapo ndipo penye kutoelewana. Kwa watu wa mashariki ya Unguja pwani si mchanga wa kulalia. Ni shamba. Wakati wa bamvua maji hupwa yakaenda mbali sana, hata ukisimama penye minazi huyaona kama uzi mweupe kwenye mwamba. Ndipo wanawake hushuka. Wako wa pweza na vijiti vyao, wako wa chaza, na wako wenye mashimo ya makumbi. Makumbi hufukiwa mchangani kwa miezi, kisha hufukuliwa yakapigwa, ukatoka usumba wa kusokotea kamba. Kila shimo lina mwenyewe na lajulikana, ingawa halina hati. Tena tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kuanzia Paje na Jambiani, kuna mwani, ambao hufungwa kwenye kamba na vijiti, ukavunwa, ukaanikwa, ukapelekwa ng'ambo kutiwa katika dawa za meno, vyakula na vipodozi. Wengi wa wakulima wake ni wanawake, na kwa wengi wao hiyo ndiyo fedha ya kwanza waliyoishika bila kumwomba mume. Siku hizi bahari imezidi joto, na ule mwani wenye bei hufa katika maji haba. Shida hiyo peke yake yawatosha.

Sasa, maji hayamngoji mtu. Saa za kazi ni hizo baina ya kupwa na kujaa, zikipita zimepita. Bibi mmoja niliyemkuta akianua mwani wake aliniambia, "Zamani, kaka, nikifungua mlango maji nayaona. Sasa natoka kungali giza, na nikifika wenzangu wa upande ule wameshafunga kamba mbili." Hakuwa akilalamika. Alikuwa akinieleza tu, kama mtu anavyoeleza habari za mvua. Nami nimepiga hesabu: ukimnyang'anya mtu nusu saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi, kila siku ya bamvua, mwaka hadi mwaka, umemnyang'anya sehemu ya shamba lake bila kugusa hata kijiti kimoja.

Meneja mmoja, mtu mpole na mkarimu, alinieleza upande wake. Wageni wake husema vijiti vya mwani vinaharibu picha, na makumbi yananuka. Ni kweli, makumbi yananuka. Yalinuka kabla ya hoteli.

Na maji ya kunywa? Upande ule ardhi ni mawe ya matumbawe, na kisima kikivutwa mno hugeuka chumvi. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 na shirika la Tourism Concern la Uingereza ulionyesha kwamba kaya moja hutumia chini ya lita 100 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano zaidi ya lita 3,000. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema kuwa maji ni katika vitu ambavyo watu wote ni washirika, tajiri na maskini. Sijui ushirika wa namna gani huu.

Kule Kizimkazi watalii hupelekwa alfajiri kwa maboti kutazama pomboo. Hatua chache kutoka hapo, Dimbani, upo msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Niliwauliza Wazungu sita waliotoka majini kama wameuona. Mmoja alidhani namwuliza habari za mkahawa.

Kuna wenye kufanya vingine. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Mji Mkongwe, kina nyumba 7 tu za wageni, na maji yake ni ya mvua iliyokingwa mapaani. Mwamba wake umezuiwa kuvuliwa tangu 1994, na hilo nalo ni kufunga bahari, sikatai. Lakini walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wenyewe, na watoto wa skuli hupelekwa pale kufundishwa habari za bahari yao. Bei yake si ya mtu kama mimi. Hata hivyo nimekitaja, ili isisemwe kuwa haiwezekani.

Msomaji wa Mombasa asidhani nasema ya jirani. Siku ya Idi nenda pwani ya umma ya Jomo Kenyatta pale Bamburi, uone jinsi mji mzima unavyojibana mahali pamoja, kisha jiulize kwa nini.

Zanzibar ina jambo moja la kuiwezesha. Ardhi ni ya serikali tangu Mapinduzi ya 1964, na mwekezaji hukodishwa kwa miaka, hauziwi. Palipo na kukodisha pana mkataba, na mkataba una masharti. Basi kila mkataba uitaje njia ya kijiji kwa jina lake, upana wake, na mahali inapoanzia na kuishia, na kila unapofika wakati wa kuutazama upya, wazee wa pale waitwe waulizwe kama bado wanapita. Gharama yake ni mbao na rangi. Niliona malango yenye vibao vya Kitaliano, Kijerumani na Kirusi. Pana nafasi ya kibao kingine pale pale, kwa Kiswahili: NJIA YA PWANI.