Jengo la KNCU Moshi: Hoteli iliyojengwa kwa kahawa ya wakulima

MGENI anayeulizia Mnara wa Saa mjini Moshi huonyeshwa pia, hatua chache kutoka hapo, ghorofa la KNCU. Humo ndimo wapanda mlima wengi walimofikia katika hoteli ya Coffee Tree, kwa bei nafuu na kilele cha Kibo kikionekana kutoka ghorofa ya juu.

Wengi wao hawakujua kwamba mwenye nyumba hakuwa tajiri wa mjini wala Serikali. Alikuwa mkulima mwenye kihamba cha migomba na mibuni huko Machame, Kibosho au Marangu.

Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga waliunda chama cha KNPA kutetea haki yao ya kulima kahawa, zao ambalo walowezi wa Kizungu walitaka libaki lao. Mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Bei ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, chama kilipata uwezo wa kujenga, na katika miaka ya 1950 jengo hilo likawa fahari ya mji. Mwanachama aliyeshuka kutoka mlimani akawa na mahali pake pa kufikia.

Tangu hapo hali ya jengo imefuata hali ya kahawa. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na KNCU ikarejea mwaka 1984. Miaka mitano baadaye mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, kahawa iliyopita mikononi mwa ushirika ikapungua, na baadhi ya wakulima wakang'oa mibuni.

Hoteli ya Kilimanjaro ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1965, ilipita njia nyingine. Ilikuwa mali ya Serikali, ikauzwa kwa mwekezaji, na mwaka 2005 ikafunguliwa upya baada ya ukarabati mkubwa. Mwenye mali alikuwa mmoja, na uamuzi ulikuwa mmoja.

La Moshi lina wenyewe maelfu, kupitia vyama vya msingi. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo taabu yake. Ukarabati hudai mkopo, mkopo hudai rehani, na wanachama wanaoujua uchungu wa madeni ya ushirika hawaikubali rehani kwa urahisi.

Hata hivyo, kusubiri nako kuna gharama. Mji umetanuka hadi kata za pembezoni kama Shirimatunda, na jengo la katikati ya mji ni mtaji usiotegemea mvua wala mnada wa kahawa.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ya wakulima iuzwe kupitia vyama vya msingi. Mkulima anayetakiwa kuuamini ushirika kwa mazao yake ana haki ya kuuliza pia habari za nyumba yake: inaingiza kiasi gani, na fedha hizo zinakwenda wapi. Mali ya wengi isiyosomewa hesabu huishia kuwa mali ya wachache.