Aliyeumia Apewe Mbadala

PWANI KUSINI
Na Mwanakombo Hamisi

Kijana wa Mkwiro, kijiji cha Kisiwa cha Wasini, akiteguka kifundo cha mguu kwenye mechi ya Jumamosi, Jumatatu haendi baharini. Kusukuma mtumbwi kwa upondo kunataka miguu miwili iliyokaza, na kuvuta nyavu ni vivyo hivyo. Jeraha la mpira linakuwa njaa ya nyumba nzima, na hapo bado hajatibiwa. Kisiwa cha Wasini hakina magari. Majeruhi hushikiliwa mabegani hadi ufuoni. Maji yakiwa yamekupwa, hubebwa mpaka boti ilipo. Akishavushwa Shimoni ndipo litafutwe gari la kumfikisha hospitali ya rufaa ya Msambweni. Nauli ya boti, nauli ya gari, picha ya mfupa. Wengi wakipiga hesabu hiyo huishia kukandwa kwa mafuta ya nazi na kufungwa kitambaa, na Jumamosi ya pili wamo uwanjani.

Watu huwalaumu makocha. Mimi naona kosa kubwa liko kwenye kanuni za mashindano yetu ya vijijini. Timu husajili wachezaji kabla ya kombe kuanza, kisha usajili hufungwa. Aliyeumia anabaki na nafasi ambayo hakuna wa kuijaza. Kocha mwenye akiba ya watu wawili atamwuliza nini ila "utaweza?" Na kijana wa miaka 19, mbele ya kijiji kizima, atajibu nini ila "nitaweza"?

Katika besiboli, mchezo ambao huku kwetu hauna wafuasi wengi, Wamarekani wameliwekea jambo hili utaratibu. Kila timu ya ligi yao kuu hucheza mechi 162 kwa msimu, kwa hiyo kuumia ni kawaida. Anayeumia huandikwa kwenye orodha ya majeruhi. Mpigaji akiingia humo hatoki kabla ya siku 10, mrushaji siku 15, mwenye jeraha kubwa siku 60. Aliyegongwa kichwa ana orodha yake, siku 7. Muda wote huo mshahara hausimami, na timu inaruhusiwa kumleta mwingine acheze mahali pake.

Zile siku ndizo zinazonivutia. Zikishaandikwa, hata fainali iwe kesho, kocha hawezi kumrudisha, wala mchezaji halazimiki kujikaza mbele za watu. Na kwa kuwa mbadala yupo, kusema kweli kuhusu goti hakuigharimu timu. Ndiyo, zipo klabu zinazolaumiwa kwa kuitumia orodha hiyo kumficha mchezaji aliyeshuka kiwango. Hilo nalo lina dawa: asiandikwe mtu bila sahihi ya mhudumu wa afya.

Wakenya tunajua faida ya kupona kwanza. Victor Wanyama aliumia goti Agosti 2017 akiwa Tottenham, akauguza jeraha mpaka Januari. Tarehe 4 Februari 2018 akaingia kutoka benchi pale Anfield, na dakika hazikupita nyingi akawapachika Liverpool kombora la mbali ambalo mashabiki hawajalisahau. Kabla ya bao hilo kulikuwa na miezi ya matibabu, na klabu ya kuyalipia.

Mchezaji wa Mkwiro hana klabu ya namna hiyo, ila ana waandaaji na wadhamini. Nawaomba, kuanzia Lunga Lunga hadi Diani, wakiwemo wanasiasa wanaotoa jezi na mipira: ruhusuni timu isajili mbadala wa aliyeumia, naye aliyeumia akae nje wiki mbili zisizojadiliwa, kwa barua ya zahanati. Sehemu ya fedha za zawadi itengwe mapema kwa matibabu na nauli ya boti. Na mchezaji asikabidhiwe jezi kabla mchango wake wa bima ya afya ya SHA haujalipwa. Asiyeweza, mdhamini amlipie. Mashindano ya likizo ya Desemba yakiitishwa, kanuni hii iandikwe kabla ya ratiba kutoka.