Bukavu: Seva ikijizima, umeme ukaguliwe kabla ya fundi kulaumiwa

Seva ya intaneti inapozimika na kujiwasha yenyewe, wateja hulalamika, na mkubwa wa kazi humwita fundi kijana: "Umeharibu nini?" Swali hilo linakuja mbio mno.

Mashine huandika yenyewe inachofanya. Ikizimwa na mtu ao na programu, daftari lake la matukio huonyesha huduma zikifungwa moja moja. Maandishi yakikatika ghafula, kisha yakaanza upya na kuwaka kwa mashine, mara nyingi kosa liko kwenye umeme, joto ao kifaa kibovu.

Katika mji ambamo umeme hukatika na kurudi kila mara, onduleri ndiyo ichunguzwe kwanza. Betri zake huchoka kisha miaka michache, hata kama taa yake ingali ya kijani. Umeme ukipotea sekunde mbili tu, seva inaanguka. Baada ya hapo zifuatwe feni zilizojaa vumbi, halafu vipande vya memori, kimoja kimoja.

Wakubwa wengine hununua seva ya bei kali, lakini hukataa kulipia betri mpya. Wanaoumia ni mwanafunzi anayejiandikisha chuoni na muuzaji anayengoja malipo.

Kila kampuni iandike saa ya kila kuzimika, iilinganishe na saa umeme ulipokatika mtaani. Daftari la kurasa chache linaweza kuokoa kazi ya kijana asiye na kosa.