Skuta Mkiani mwa Gari: Kitu Kidogo, Uzito Mkubwa

Kila apitaye Marikiti hapa Mombasa amemwona mwenye mkokoteni akipakia magunia. Hayarundiki ovyo. Huweka moja nyuma, moja mbele, kisha huinua mikono ya mkokoteni kidogo na kuupima. Mzigo ukielemea mbele mno, ataubeba kwa mgongo wake mpaka afike. Ukielemea nyuma mno, mkokoteni utamnyanyua yeye, miguu yake iachane na ardhi, na mteremkoni hapo usimwulize habari zake. Mtu huyu hakusomea uzani shuleni, lakini analijua jambo ambalo mwaka juzi nililiona likimshinda kijana msomi, mwangalifu, mcha Mungu, ambaye ni mpwa wangu mimi mwenyewe.

Mpwa wangu huyo anaishi Uingereza na amejinunulia moja ya yale magari ambayo ni nyumba nzima juu ya magurudumu. Ndani mna vitanda, jiko, choo, tangi la maji na meza ya kulia. Wazungu wengi hupenda kusafiri namna hiyo, na siku hizi hata watu wetu waliohamia huko wameanza kuiga. Mimi siwalaumu. Mwenye watoto hulala anapotaka, hupika chakula anachokijua kuwa ni halali, na husali kwa wakati bila kumwomba mtu chumba. Hizo ni neema.

Lakini nyumba ile ina tabu yake. Ina urefu wa mita saba, na kwenda juu inakaribia mita tatu. Ukifika mjini huna pa kuingia. Unaiacha kambini nje ya mji, na kila unapotaka mkate au msikiti inakubidi uing'oe nyumba nzima. Ndiyo maana wengi hufunga nyuma ya gari keria ya chuma, wakapandisha skuta juu yake. Skuta ni ile pikipiki ndogo yenye pa kuwekea miguu mbele, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la vespa, kwa sababu ya ile iliyoanza kuundwa na Piaggio kule Italia mwaka 1946. Vespa kwa Kitaliano ni nyigu. Gari hubaki kambini, nyigu akaingia vichochoroni.

Safari yetu ilikuwa ya kwenda Granada, Uhispania, katika nchi ya Andalusi. Nilitamani kuuona mji ule uliokuwa wa mwisho kutoka mikononi mwa Waislamu mwaka 1492, na zaidi nilitamani kusali Ijumaa katika msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 2003 katika mtaa wa Albaicín, ukitazamana na kasri la Alhambra. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, mtaa ule njia zake ni nyembamba kama za Lamu. Gari halifiki hata karibu. Tutachukua skuta." Akaenda kununua keria na skuta.

Nataka nimtendee haki. Hakuwa mzembe. Siku mbili kabla ya kufunga keria alilipeleka gari mizanini tukiwa sote ndani, yeye, mimi na binti zake wawili, matangi yamejaa na vyakula vimepakiwa. Mizani ikasema kilo 3,390. Leseni yake ni ya wale waliofaulu mtihani Uingereza baada ya kuanza mwaka 1997, ambao gari la namna hii hawaruhusiwi kuliendesha likizidi kilo 3,500, na gari lenyewe liliandikiwa kikomo hicho hicho. Skuta ilikuwa na kilo 110. Akajumlisha, akapata 3,500 kamili, akafurahi. Mwenye duka naye alikuwa amemhakikishia kwamba keria ile ina nguvu za kubeba kilo 150. Basi likaisha hilo.

Tukavuka kwa meli kutoka Portsmouth hadi Santander, kaskazini mwa Uhispania, tukashika njia ya kusini inayopanda milimani. Kulikuwa na mvua. Mara nikaona madereva wanaokuja mbele yetu wanatumulikia taa, mmoja baada ya mwingine. Mpwa wangu akawa anainua mkono kuwaitikia, akidhani ni salamu za wenye nyumba za magurudumu, kwani watu hao wana desturi ya kusalimiana njiani. Kumbe walikuwa wanatulalamikia. Taa zetu zilikuwa zikiwapiga machoni, kwa sababu pua ya gari ilikuwa imeinuka.

Tukafika kwenye kona ya mteremko. Akakata usukani, na gari halikukata. Kwa muda wa kufumba na kufumbua lilikwenda mbele moja kwa moja, kuelekea kwenye ukingo wa barabara, kisha magurudumu yakashika lami likarejea. Binti mdogo alikuwa amelala wala hakuamka. Mkubwa alimtazama baba yake, asiseme neno. Mimi nilisema yale ambayo Mwislamu huyasema. Mji wa kwanza tuliofika nilimwambia, "Mwanangu, tafuta mizani."

Ilikuwepo ya umma, na safari hii tulipima ekseli moja moja. Jumla ilikuwa kilo 3,540. Zile 40 za ziada zilikuwa keria yenyewe, ambayo alikuwa ameisahau katika hesabu. Hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa lilikuwa kwingine. Ekseli ya nyuma, ambayo kikomo chake kwenye gari lile ni kilo 2,000, ilikuwa imebeba 2,072. Kabla ya skuta ilikuwa 1,840. Tazama basi: tulipakia kilo 150, lakini ekseli ya nyuma ikapata kilo 232. Hizo 82 zimetoka wapi?

Zimetoka mbele. Ekseli ya mbele ilikuwa na 1,550 na sasa ilikuwa na 1,468. Skuta haikukaa juu ya magurudumu ya nyuma, ilikaa nyuma yake, mbali kiasi cha mita mbili na robo. Kutoka ekseli hadi ekseli ni mita nne. Mzigo ukining'inia hivyo hugeuka kuwa wenzo, na magurudumu ya nyuma ndiyo kigingi chake. Unakandamiza mkia, unainua kichwa. Na gari lile, kama yalivyo mengi ya aina yake huko Ulaya, huvutwa na magurudumu ya mbele. Hayo ndiyo yanayovuta, ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yenye kazi kubwa zaidi ya breki. Tuliyapunguzia uzito yale yale tunayoyategemea, na mvua ikamaliza iliyobaki.

Mpwa wangu akashika karatasi mkononi akasema, "Lakini keria inabeba kilo mia na hamsini, mjomba." Hapo ndipo lilipo neno ninalotaka kulisema leo. Nguvu za keria si nguvu za gari. Aliyeunda keria anakuambia kwamba chuma chake hakitavunjika. Hakukuambia kwamba ekseli yako inaweza, wala kwamba usukani wako utatii, kwani hakuliona gari lako, hajui tangi lako la maji liko wapi wala umejaza nini katika bohari lako la nyuma. Muuzaji anajibu swali moja, na mnunuzi anadhani amejibiwa yote.

Mabaharia wetu hawakuwa na mizani ya ekseli, lakini ni nahodha gani aliyepakia tezi pasi na kuitazama omo? Chombo kilichojaa tezini huinua omo, kikawa kizito kugeuka. Shehena hukaa ngamani, katikati na chini. Elimu hiyo ni ya watu wetu, na gari likipakiwa vibaya huadhibu kama chombo.

Sasa yuko atakayesema kwamba dawa ni kuacha skuta nyumbani. Mimi sikubaliani naye. Niliona faida yake kwa macho yangu. Wengine husema baiskeli zatosha, na kweli baiskeli ya kawaida ina kilo kama 15 tu, lakini Granada ni mji wa vilima na magoti yangu si ya ujana. Wengine hutaka trela la kukokotwa. Trela huondoa sehemu kubwa ya uzito mkiani, lakini kulirudisha nyuma ni elimu nyingine, na meli hutoza nauli kwa urefu. Wengine hukodi skuta huko huko wanakokwenda, na kwa mwendaji wa mji mmoja nadhani hilo ndilo jambo la akili zaidi. Lakini mwenye kutembea miji mingi akataka kuwa na yake, na aichukue, mradi alipe gharama yake yote, wala si ile ya dukani peke yake.

Gharama hiyo sisi tuliilipa pale pale mizanini. Tulimwaga lita 100 za maji, ambazo ni kilo 100, na tangi lile lilikuwa juu ya ekseli ya nyuma. Tukabakisha ya kunywa na ya udhu tu, kwani kambini maji hayakosekani. Tukatoa katika bohari la nyuma kilo kama 30 za makopo, mchele, meza na viti, tukavifunga ndani katikati ya ekseli mbili. Tukapima tena. Nyuma kilo 1,950, mbele 1,490, jumla 3,440. Gari lilikuwa ndani ya kikomo, na mlima uliofuata usukani ulikuwa mzito kidogo mkononi, kama unavyotakiwa kuwa.

Yako na mengine ambayo mwenye skuta mkiani hana budi kuyafanya. Mikanda iwe minne, ivute pande zote na ikandamize shokomzoba za skuta kidogo, isibaki ikirukaruka. Ukienda kilomita chache usimame uikaze tena, kwa maana hulegea. Skuta isiegemezwe kwa mguu wake wa kuegeshea. Taa na nambari ya gari zionekane, na zikizibwa na mzigo ziwekwe nyingine nyuma yake. Uhispania na Italia hutaka pia kibao cha mraba, sentimita 50 kwa 50, chenye mistari ya mshazari myekundu na myeupe, kiwekwe kwenye mzigo unaochomoza nyuma. Mpwa wangu hayo yote alikuwa ameyatimiza kabla ya kuondoka. Kibao chake kiling'aa vizuri sana. Askari yeyote angetutazama kwa nyuma angeridhika, na hali hatari yetu ilikuwa mbele.

Tulifika Granada siku ya nne, baada ya kiasi cha kilomita 800. Ijumaa tuliliacha gari kambini na binti wakabaki na familia ya Kimorocco waliyokwisha kufanya urafiki nayo. Tulipanda skuta, mimi nyuma nimemshika kiunoni kama mtoto, tukaenda hadi chini ya kilima. Pale tukaifunga, tukapanda kwa miguu katika vichochoro ambavyo, wallahi, punda wa Lamu wasingepotea. Tuliswali. Tulipotoka nje, Alhambra ilikuwa mbele yetu ng'ambo ya bonde. Bila skuta nisingefika, hilo nalikiri. Na bila ile mizani ya njiani, sijui.

Usiku ule mpwa wangu aliniambia neno ambalo sijalisahau. "Mjomba, nilipima jumla nikaridhika. Sikujua kwamba uzito una mahali." Nilimjibu kwamba hata mimi sikujua kwa hesabu, nilijua kwa kuona mikokoteni tu.

Naandika haya kwa sababu ninao ndugu na jamaa wengi huko Ulaya na Marekani, na wasomaji wangu nao wanao, na kila mwaka kuna anayenunua nyumba ya magurudumu akawapakia wanawe. Mwenye kushika usukani amebeba amana. Kama humwezi kumzuia asichukue skuta, na sioni sababu ya kumzuia, basi mwandikie maneno machache. Apime gari likiwa limejaa, skuta ikiwa juu yake, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Akiona imezidi, apunguze au asogeze mbele. Asikubali kuambiwa kwamba ni kitu kidogo.

Na akishindwa kuelewa, mwambie akija likizo apite Marikiti asubuhi, asimame pembeni, amtazame mwenye mkokoteni anavyopanga gunia lake la mwisho.