Mjengo Kihonda: Anza na Benki, Dalali Atasubiri



Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Moro, Juni 2024, madalali wa huku wana wimbo mmoja tu: "Wahi kabla bei haijapanda." Nami niliimbiwa nikaitikia. Nikaonyeshwa nyumba Kihonda, vyumba vitatu, bati jipya, na ukikaa barazani unaitazama Uluguru yote. Nikatoa kishika uchumba milioni mbili, tukasainiana kwa mwenyekiti wa mtaa, nikapewa siku 30 za kumalizia. Ndipo nikaenda benki!

Afisa mikopo aliuliza mambo mawili tu. Hati iko wapi? Muuzaji alikuwa na karatasi ya mauziano ya mtaa, basi. Mshahara unakatwa nini? Nilikuwa na mkopo mwingine tayari. Siku 30 zikaisha, na mkataba ulisema wazi kwamba kishika uchumba hakirudi. Milioni mbili kwaheri. Simlaumu mtu, kalamu niliishika mwenyewe.

Sasa tuulizane, kwa nini wengi wetu tunaanza na nyumba halafu ndio tunatafuta hela? Kwa mtazamo wangu ni historia. Wazee wetu walijenga tofali kwa tofali, kwa hiyo kiwanja kilikuwa ndio mwanzo wa kila kitu. Benki ya Nyumba, THB, ilikufa 1995. Sheria ya mikopo ya nyumba ikapitishwa 2008, na 2010 ikaanzishwa TMRC ili mabenki yapate fedha za muda mrefu za kukopesha. Hata hivyo, mikopo yote ya nyumba nchini haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa. Hatujaizoea, na dalali anajua hilo.

Dawa ni kuomba idhini ya awali kabla hujaenda kuona nyumba hata moja. Benki inapima kipato chako, madeni yako na jinsi ulivyolipa mikopo ya nyuma, halafu inakwambia uwezo wako unaishia wapi. Mtumishi wa umma akumbuke pia kwamba theluthi moja ya mshahara lazima ibaki. Piga hesabu: milioni 50 kwa miaka 15, tuseme riba ni 16%, rejesho ni kama 734,000 kila mwezi. Mpaka unamaliza umelipa zaidi ya milioni 132. Namba hiyo ni bora uione ukiwa mezani kwa afisa mikopo kuliko ukiwa barazani kwa muuzaji.

Lakini tusidanganyane, idhini ya awali sio mkopo. Nyumba yenyewe bado itathaminiwa, na hati itakaguliwa ofisi ya ardhi. Kama ni nyumba ya familia, sheria inataka ridhaa ya mwenza. Na kama iko ukingoni mwa mto, kumbuka zile mita 60 za Sheria ya Mazingira ya 2004.

Halafu kuna suala la milimani. Kwa Waluguru, ardhi kwa desturi ni ya ukoo wa upande wa mama. Kijana wa Mgeta au Matombo anaweza kulima bonde zima la mboga, lakini hawezi kuliweka rehani kwa sahihi yake peke yake, mpaka wajomba wakae. Benki nayo inataka kitu inachoweza kuuza mambo yakiharibika. Hapo ndipo nasema mfumo huu bado ni wa wenye mshahara na hati. Bodaboda wa Msamvu na mama ntilie wa Mji Mpya wanaingiza hela kila siku, ila hawana karatasi ya kuonyesha.

Hata hivyo, asiyekopa naye anaweza kuchukua somo: ulizia hati kwanza, kishika uchumba baadaye. Na kama lazima utoe, mkataba uandike kwamba benki ikikataa, hela inarudi. Mstari huo mmoja ungeniokoa.

Nyumba ya Kihonda ilipata mnunuzi wa taslimu. Mimi bado nimepanga Mafiga, namalizia deni langu la zamani kwanza.

Nawasilisha. Waliopitia haya, mwageni uzoefu.