Picha Kali, Ila Pale Watu Walikufa!

Staa mmoja wa kike wa mjini karudi kutoka Ugiriki, kisiwa cha Serifos, na picha zake zimetikisa Insta wiki nzima. Kapiga pozi pangoni, kapiga pozi kwenye daraja la chuma lenye kutu pale Megalo Livadi, gauni jeupe linapepea. Chini kaandika: "Maisha ni rahisi."

Hapo ndipo alipochemka.

Lile daraja lilikuwa la kupakia mawe ya chuma melini. Serifos ilikuwa kisiwa cha migodi. Agosti 1916 wachimbaji waligoma wakidai masaa nane ya kazi na usalama mle chini. Wakagoma kupakia meli. Polisi wakafyatua risasi, wakafa wachimbaji wanne. Mnara wao upo hapohapo Megalo Livadi.

Shabiki mmoja alipomkumbusha, kapigwa bloku. Timu yake nayo ikaja juu: "Wivu tu!"

Jamani, huo siyo wivu. Hakuna anayemkataza kula bata, tena sehemu yenyewe ni nzuri kweli. Ila mtu mwenye wafuasi kibao akiandika mistari miwili kuhusu hao wanne, picha haipungui laiki hata moja. Heshima ndiyo inaongezeka. Maisha rahisi kwa nani? Wenzake walipigwa risasi kwa kudai masaa nane tu.

Haya wadau, afute posti au aongeze maelezo? Dondosheni komenti.