Flashi Isichomolewe Bila Kuaga

Katika maabara za kompyuta za shule, mwanafunzi huambiwa asichomoe flashi kabla ya kuiomba kompyuta ruhusa. Huambiwa hivyo kama amri, wala haelezwi sababu. Amri isiyo na sababu haikawii kupuuzwa: atachomoa mara kumi pasipo madhara, na mara ya kumi na moja alama za darasa zima zitapotea. Maoni yangu ni kwamba sababu hiyo haina budi kufundishwa.

Yafaa ieleweke kwamba programu ya kuandikia haigusi flashi moja kwa moja. Huikabidhi kazi hiyo kwa kiini cha mfumo wa uendeshaji, yaani sehemu inayotawala kumbukumbu na vyombo vyote. Kiini hunakili maandishi katika kumbukumbu ya kompyuta, ambayo ina kasi kuliko flashi, kisha hujibu papo hapo kwamba kazi imekwisha. Jibu hilo ni ahadi, na ahadi ni deni. Katika mfumo wa Linux, kwa kawaida deni huhesabiwa kuwa limeiva baada ya sekunde 30, na mlipaji wake huamka kila sekunde 5. Anayechomoa flashi katika muda huo hulifanya deni lisilipike kamwe.

Tunapoomba kutoa flashi kwa usalama, kiini hutazama kwanza kama kuna programu ambayo bado imefungua faili lililomo, ikiwapo, hukataa. Kisha huandika yote yaliyosalia kumbukumbuni. Mwisho, programu inayoiongoza flashi, iitwayo dereva, huiamuru imalize kuandika chochote ilichokishika kwa muda.

Wako watakaosema kwamba mafundi wamekwisha kulitatua jambo hili. Ni kweli kwamba tangu toleo la 1809 la Windows 10, la mwaka 2018, kanuni ya kawaida ya mfumo huo ni kutolimbikiza maandishi ya flashi, ili ichomolewe upesi. Lakini hata hapo hairuhusiwi kuchomoa wakati uandishi ungali unaendelea. Ni kweli pia kwamba dereva aliyeundwa vyema hustahimili kuchomolewa kwa ghafla: kila ombi lililosalia hulijibu kwamba limeshindikana, wala haachilii kumbukumbu yake mpaka mtumiaji wa mwisho aondoke. Hata hivyo, anachookoa ni kompyuta tu. Maandishi yasiyofika katika flashi hawezi kuyaokoa. Tena likikatizwa jedwali linaloonyesha mahali pa kila faili, hata mafaili ya zamani yaweza yasionekane.

Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 haikuwa na kitufe cha kutolea diski. Kompyuta yenyewe ndiyo iliyoitoa, baada ya kumaliza kazi yake. Flashi haina mlinzi wa namna hiyo ila mkono wa mtumiaji, na mkono huongozwa na elimu.

Mwalimu mwenye kompyuta ya Linux aweza kulithibitisha jambo hili kwa kipindi kimoja. Na anakili faili kubwa katika flashi isiyo na kitu cha thamani. Mara kompyuta isemapo kwamba imemaliza, aandike amri ya sync, na wanafunzi wahesabu sekunde mpaka amri hiyo itimie. Sekunde watakazozihesabu ndizo deni lenyewe.